Yuri Si Mapenzi ya Kupita

Kuna hukumu ambayo hutolewa kila yuri inapotajwa, na imerudiwa mara nyingi mpaka watu wanaichukua kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Yuri ni hadithi za Kijapani, leo hasa manga, yaani hadithi za picha, zinazosimulia mapenzi ya wanawake wao kwa wao. Hukumu yenyewe yasema hivi: hao ni wasichana wa shule wanaojizoeza kupenda, wanaandikiana barua, wanashikana mikono, kisha shule inakwisha, kila mmoja anashika njia yake, na siku ya siku anaolewa. Wanaosema hivyo si kundi moja. Wapo wanaozipenda hadithi hizi na kuzisifu kwa usafi wake, maana yake hazimsumbui mtu. Wapo wanaozibeza kuwa ni burudani waliyotengenezewa wanaume. Wapo pia watetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja wanaozilaumu kwamba zimeyakimbia maisha halisi. Wanapingana katika mengi, lakini wameafikiana katika jambo moja, kwamba mapenzi ya humo hayana kesho. Nalipinga jambo hilo. Anayezisoma hadithi zenyewe, tangu za mwanzo hadi za sasa, ataona kwamba kesho ndiyo hasa zinayoigombania. Kikomo anachokiona msomaji hakikutoka moyoni mwa wapenzi hao. Kiliwekwa na wengine, kwa sheria na kwa desturi, na yuri imetumia zaidi ya miaka mia moja kukibomoa.

Tuanze na shule, kwa kuwa ndipo mashtaka yanapoanzia. Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri iliyoutaka kila mkoa uwe na angalau shule moja ya sekondari ya wasichana. Shabaha ya elimu hiyo haikufichwa: kumwandaa binti awe mke mwema na mama mwenye busara. Kwa hiyo msichana aliyepata nafasi alipewa miaka minne au mitano ya kupumua kati ya nyumba ya baba na nyumba ya mume. Alikuwa na wenzake wa rika lake kutwa nzima, akasoma majarida yaliyoandikwa kwa ajili yake, akapata uhuru ambao mama yake hakuwahi kuuonja. Humo yakachipua mapenzi ya msichana mkubwa na mdogo, ya barua na zawadi, ambayo walimu na wazazi waliyafumbia macho kwa sharti kwamba yaishe siku ya mahafali. Hapa ndipo hukumu ya leo inapojikwaa. Inachukua sharti la mlezi na kuligeuza kuwa hisia ya msichana. Mtu akiruhusiwa kupenda kwa miaka mitano, hiyo haithibitishi kwamba mapenzi yake yalidumu miaka mitano tu. Mwaka 1911 wasichana wawili waliokuwa wamemaliza shule moja ya Tokyo walijiua pamoja baharini katika mkoa wa Niigata. Magazeti yakashtuka, kwa maana lile lililoitwa mchezo wa shuleni lilionekana kwamba, kwa waliokuwa ndani yake, halikuwa mchezo hata kidogo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba hakujua.

Yoshiya Nobuko, aliyezaliwa 1896, alilijua hilo kuliko wengi. Kuanzia 1916 alichapisha Hana Monogatari, mfululizo wa hadithi fupi za wasichana, kila moja ikibeba jina la ua. Wengi wanaomtaja Yoshiya huishia hapo, kwa sababu hadithi nyingi kati ya hizo humalizikia katika kutengana na machozi, na hilo linawapa ushahidi wanaoutafuta. Wanairuka Yaneura no Nishojo, riwaya aliyoiandika 1919, ambamo wasichana wawili wanaokaa chumba cha darini katika bweni moja wanapendana, wanapita katika shaka na wivu, na mwishoni hawaagani. Wanatoka pamoja kwenda kuanza maisha yao wenyewe. Wala hiyo haikuwa ndoto ya karatasini. Mwaka 1923 Yoshiya alikutana na Monma Chiyo, mwalimu wa hesabu, wakawa pamoja hadi Yoshiya alipofariki mwaka 1973. Sheria haikuwapa njia ya kuoana, hivyo mwaka 1957 Yoshiya alimwasili Monma kuwa binti yake, ili wawe familia moja mbele ya serikali. Tulitazame tendo hilo kwa makini. Mwandishi tajiri na mashuhuri wa miaka sitini na moja anamwandikisha kama mtoto wake mwanamke aliyempenda kwa miaka thelathini na minne, kwa kuwa daftari la serikali halina mstari mwingine wa kuliandika jina lake. Mtu huyo ndiye aliyeweka msingi wa fasihi hii. Anayesema kwamba yuri tangu asili yake ni mapenzi ya kuhitimu na kuyaacha, aeleze kwanza jinsi mwasisi wake alivyoshindwa kuhitimu kwa nusu karne.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadithi hizi zilihamia kwenye manga, na hapo wakosoaji wanadhani wana ushahidi mzito zaidi. Shiroi Heya no Futari ya Yamagishi Ryoko, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo wengi huihesabu kuwa manga ya kwanza ya yuri, inawaweka Resine na Simone katika bweni moja huko Ufaransa. Simone anauawa, Resine anabaki peke yake. Miaka michache baadaye, katika Oniisama e ya Ikeda Riyoko, mauti yanamchukua Rei. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa mtindo: wapenzi wawili, mmoja kaburini. Nakubali kwamba mtindo huo uliwaumiza wasomaji, hasa wasichana waliojiona ndani ya kurasa hizo na kujifunza kwamba mtu kama wao hafiki utu uzima. Lakini tuupime kwa mantiki. Kama waandishi hao wangeamini kwamba mapenzi ya wasichana ni upepo wa ujana, kazi yao ingekuwa rahisi mno. Wangemwoza Resine kwa kijana mpole, wakachora harusi, na hadithi ikaisha kwa vigelegele. Hawakufanya hivyo. Walikuwa na wapenzi ambao hawawezi kupoa, katika jarida la wasichana ambalo halikuwa na nafasi ya kuwaonyesha wakizeeka pamoja, na kati ya mambo hayo mawili walichagua kifo kuliko kuyaita mapenzi hayo makosa ya utotoni. Msiba wa 1971 ni ushahidi wa ukubwa wa mapenzi na udogo wa nafasi yaliyopewa.

Nafasi hiyo ilipanuliwa kwa kazi ya watu. Mwaka 2003 lilianzishwa jarida la Yuri Shimai, la kwanza kujitolea kwa yuri peke yake. Lilipofungwa, kampuni ya Ichijinsha ikaanzisha Comic Yuri Hime mwaka 2005, na jarida hilo lipo hadi leo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Jarida lenye wasomaji wake halilazimiki kumwomba radhi mtu kwa kila busu, na mwandishi anayejua kwamba mwezi ujao atapewa kurasa nyingine halazimiki kumuua shujaa wake ili apitishwe na mhariri. Girl Friends ya Morinaga Milk, iliyotoka kati ya 2006 na 2010, iliwachukua wasichana wawili marafiki kutoka kwenye haya ya kwanza hadi kwenye kuambiana ukweli, ikawaacha wakiwa pamoja. Mwisho wa namna hiyo ambao leo msomaji anauona kuwa wa kawaida, hata anachoshwa nao, ulikuwa haupatikani kwa vizazi viwili vya wasomaji waliotangulia.

Jambo linaloniudhi zaidi katika hukumu hii ni kwamba hadithi zenyewe zimeisikia na zimeijibu, tena kwa sauti ya wazi. Aoi Hana ya Shimura Takako, iliyotoka kuanzia 2004 hadi 2013, inatokea Kamakura, mji uleule alikoishi Yoshiya uzeeni. Mapema katika hadithi Fumi anapata habari kwamba Chizu anaolewa. Chizu ni binamu yake mkubwa, naye ndiye aliyekuwa mpenzi wake. Kwa Chizu lililokuwa baina yao limekwisha na maisha yanaendelea. Kwa Fumi ni jeraha. Hapa ndipo mwandishi alipokuwa na uhuru wa kuchagua. Angeweza kumfuata Chizu hadi kwenye harusi, na nadharia ya mapenzi ya kupita ingepata kitabu chake. Shimura alimwacha Chizu aende, akatumia juzuu nane kukaa na aliyeachwa: msichana mrefu, mwenye haya, mwepesi wa machozi, ambaye anamweleza rafiki yake Akira kwamba yeye huwapenda wasichana na hajui namna nyingine ya kupenda. Nadharia hiyo imo kitabuni, ina jina na ina uso, na msomaji anaonyeshwa gharama yake kupitia macho ya aliyeilipa.

Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio, iliyotoka kati ya 2015 na 2019, inakwenda mbele zaidi. Saeki Sayaka alikuwa na mpenzi alipokuwa shule ya kati, msichana aliyemtangulia darasa. Huyo ndiye aliyemtaka Sayaka, na huyo ndiye aliyekuja kumwambia kwamba wao si watoto tena na mchezo huo uishe. Baada ya muda wanakutana tena bila kutarajia. Yule dada anaomba radhi kwa upole, akihofu asije akawa amempotosha Sayaka, na anaonekana kufarijika kumwona sasa ni msichana wa kawaida. Sayaka anamjibu kwa kumshika mkono Touko, msichana anayempenda sasa, mbele ya macho yake. Katika visanduku vichache vya picha mwandishi amechora hukumu yote ninayoipinga hapa: upole wake, uhakika wake, na namna inavyomfuta mtu aliyesimama mbele yake. Na hadithi haikuishia kwenye jibu hilo. Inampa Sayaka mtu mzima wa kuzungumza naye, Miyako mwenye mkahawa, ambaye anaishi na mwanamke mwenzake, mwalimu wa shule yao. Katika juzuu ya nane, ya mwisho, Yuu na Touko, wapenzi wakuu wa hadithi, wako chuo kikuu, wana pete vidoleni, na Sayaka naye ana mpenzi wake. Mahafali yamekuja na kupita, na hakuna kilichovunjika.

Mkosoaji atasema hao bado ni wanafunzi. Basi tuwatazame watu wazima, kwa maana katika miaka ya karibuni yuri imewaleta kwa wingi. Katika Tsukuritai Onna to Tabetai Onna ya Yuzaki Sakaomi, iliyoanza 2021, Nomoto ni mfanyakazi wa ofisini anayependa kupika chakula kingi kuliko anachoweza kumaliza, na Kasuga ni jirani yake wa jengo moja anayekula na kushiba bila aibu. Nomoto amechoka na wanaume kazini wanaotazama chakula alichojipikia na kumwambia kwamba atamfaa mume. Kasuga anaingia mkahawani, anaagiza, na mwenye mkahawa anampakulia wali kidogo kwa sababu ni mwanamke. Anaomba apewe kipimo cha kawaida. Mchoro huo wa bakuli unabeba historia nzima, kwa sababu baadaye tunajua kwamba Kasuga alikulia katika nyumba ambayo baba na kaka walipewa chakula kizuri na yeye akapewa kilichobaki, na kwamba amekataa kurudishwa huko kwenda kuwa mhudumu wa wazee. Nomoto naye anatambua polepole, na kwa kulitaja waziwazi, kwamba yeye ni mwanamke anayewapenda wanawake. Wanapoamua kuishi pamoja wanakumbana na ugumu wa wanawake wawili kupata nyumba ya kupanga. NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, iliifanya hadithi hiyo kuwa tamthilia ya televisheni mwaka 2022 na kuiendeleza mwaka 2024. Sijui ni ujana gani unaopita katika kisa cha watu wawili wanaotafuta jiko litakalowatosha wote.

Sasa nijibu hoja ya wanaume, ambayo hutolewa kana kwamba inafunga mjadala. Ni kweli kwamba wanaume wanasoma yuri, na ni kweli kwamba zipo kazi zinazowachora wasichana kama mapambo ya kutazamwa, zisizojali wanafikiri nini. Sizitetei. Lakini madai kwamba fasihi nzima iliundwa kwa ajili ya jicho la mwanaume hayasimami mbele ya takwimu za wachapishaji wenyewe. Ichijinsha ilipowachunguza wasomaji wake mwaka 2008, asilimia 73 ya wasomaji wa Comic Yuri Hime walikuwa wanawake. Jarida dada, Yuri Hime S, lililolengwa kwa wanaume, lilikuwa na wanaume asilimia 62, na halikudumu. Yoshiya, Yamagishi na Ikeda, waliotajwa hapa, ni wanawake, na pia Takeuchi Naoko, aliyewaweka Haruka na Michiru, wapenzi wawili, katikati ya Sailor Moon na kuwapeleka kwa mamilioni ya watoto. Waliowageuza Haruka na Michiru kuwa binamu ni watafsiri wa toleo la televisheni la Marekani. Hoja hii ina ubaya mwingine mkubwa zaidi. Kila mwanamke anapoandika juu ya kumpenda mwanamke, anaambiwa kwamba msomaji wake halisi ni mwanaume. Kwa njia hiyo hata pale ambapo mwanaume hayumo katika hadithi, anarudishwa kwa mlango wa nyuma na kukabidhiwa umiliki wake.

Hoja ya watetezi wa haki naipa uzito zaidi, kwa kuwa inatoka kwa watu wenye uchungu wa kweli. Wanasema hadithi nyingi za yuri zinakwepa: wahusika hawajiiti chochote, hawakutani na chuki, wazazi wao hawaonekani, na dunia yao haina wapiga kura wala mahakama. Nakubali kwamba kazi nyingi ziko hivyo. Lakini fasihi hupimwa pia kwa umbali inakoweza kufika, na yuri imefika mbali. Mwaka 2016 Nagata Kabi alichapisha manga inayosimulia maisha yake mwenyewe: msongo wa mawazo, matatizo ya kula, upweke wa mwanamke wa miaka ishirini na nane ambaye hajawahi kuwa na mpenzi, na safari yake ya kukubali kwamba anawatamani wanawake. Hakuna pambo humo, na wasomaji waliipokea kwa kiasi kwamba tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Harvey ya manga bora mwaka 2018. Katika Tsukiatte Agetemo Ii Kana ya Tamifull, iliyoanza 2018, wanafunzi wawili wa chuo, Miwa na Saeko, wanaanza uhusiano, wanaumizana na wanaachana, na hadithi inaendelea kuwafuata wakiwa wanawake wanaowapenda wanawake. Huko ni kukomaa kwa hali ya juu, kwa sababu anayeruhusiwa kuachana bila mapenzi yake kutangazwa kuwa ya kupita ameshapewa ubinadamu kamili.

Inabaki hoja kwamba mwisho mwema ni ndoto ya kuwafariji wasiotaka kuona hali ilivyo. Hapa lazima tukumbuke hadithi hizi zinaandikwa wapi. Wilaya za Shibuya na Setagaya jijini Tokyo zilianza kutoa vyeti kwa wapenzi wa jinsia moja mwaka 2015, lakini vyeti hivyo havina nguvu ya ndoa. Mahakama ya wilaya ya Sapporo ilitamka mwaka 2021 kwamba kuwanyima watu hao ndoa kunakwenda kinyume cha katiba, na mahakama kuu ya mji huo ikatamka vivyo hivyo mwaka 2024. Hata hivyo bunge halijabadilisha sheria ya ndoa. Katika nchi ya namna hiyo, kuchora wanawake wawili wenye pete vidoleni ni kudai. Ndoto ya kutoroka humwondoa msomaji kwenye dunia yake. Mwisho huu unamrudisha kwenye dunia hiyo na kumwonyesha kinachokosekana. Miaka hamsini na kitu iliyopita mwandishi alilazimika kumzika Simone. Leo mwandishi anaweza kumpangia nyumba. Umbali kati ya hayo mawili haukusafiriwa na wabunge wala majaji kwanza. Ulisafiriwa na wachoraji na wasomaji wao, sura kwa sura, jarida kwa jarida.

Kwa hiyo nawaomba wanaoitoa hukumu hii waanze kusoma kuanzia mwisho. Wachukue hadithi yoyote ya yuri na kuuliza: wapenzi hawa wametenganishwa na nini, na nani ananufaika na kutengana kwao? Wakiuliza hivyo watamkuta mzazi, mwalimu, mwajiri, mwenye nyumba, mwandishi wa sheria. Mara chache sana watakuta moyo uliojichokea wenyewe. Na pale watakapowakuta wawili hao bado wako pamoja, wasiliite jambo hilo usafi wala utoto. Waliandikwa wakae pamoja kwa makusudi, na wanawake ambao, kuanzia Yoshiya Nobuko na kuendelea, walijua vizuri sana walikuwa wanaomba nini: haki ya kupenda mpaka uzeeni na kuandikwa kwa jina lililo lao.